Laptopu imeganda kwenye kuwaka baada ya kuapgredi Windows: anza hapa kabla hujakubali ipigwe upya

Tangu Microsoft wafunge rasmi huduma ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025 watu wengi hapa Arusha na Moshi wamehamia Windows 11, wengine kwa kutaka wenyewe, wengine laptopu iliwaletea ujumbe wakabonyeza tu kukubali. Na laptopu zetu nyingi ni used, hizi EliteBook, Latitude na ThinkPad zilizotumika maofisini huko nje miaka kadhaa ndo zikaja huku, nyingine bado zina hadi diski ile ya kuzunguka na betri ikichomolewa chaja tu inakata. Sasa unakuta mtu anawasha asubuhi, nembo inatokea, vidoti vinazunguka, vinasimama, basi, hapo ndo imefika.

Kinachotokea baada ya hapo ndo kinachoniuma. Mtu anabeba mashine mpaka kwa fundi, fundi anaitazama dakika mbili anasema hii Windows imekufa inabidi kupiga upya, mwenye mali ana haraka anakubali, jioni anarudishiwa laptopu inawaka safi kabisa na ndani haina kitu. Ripoti ya fildi ya mwanafunzi wa Njiro imeenda, hesabu za duka zimeenda, picha za mtoto tangu anazaliwa zimeenda. Na mara nyingi haikuwa na haja, maana laptopu ikiganda kwenye kuwaka baada ya apgredi mafaili huwa yapo palepale yalipokuwa, kilichogoma ni draiva (programu ndogo inayoiwezesha Windows kutumia kifaa fulani), au faili kadhaa za mfumo, au kifaa kimoja kilichochomekwa pembeni. Kwa hiyo mpangilio wangu ni huu: tunaanza na vitu ambavyo haviwezi kuharibu chochote, tunaokoa mafaili, alafu ndo tunaigusa Windows yenyewe. Kuformati kunakaa mwisho kabisa.

Hatua ya 1: Subiri, na uhakikishe kweli imeganda

Apgredi kubwa huwa inamalizia kazi zake pale laptopu inapowaka kwa mara ya kwanza, na kwenye hadi diski ya kuzunguka kazi hiyo inaweza kuchukua saa nzima au zaidi huku skrini ikionekana haijongei kabisa. Chomeka chaja, usibonyeze kitu, angalia kataa kadogo ka hadi diski kama laptopu yako inako. Kama kanawakawaka basi ndani kuna kazi inafanyika. Kama haina, weka sikio karibu na kibodi, diski ya kuzunguka utaisikia ikikwaruza. Yenye SSD (diski ya kisasa isiyozunguka) ipe saa moja, yenye diski ya kuzunguka ipe hata saa tatu, na kama skrini inaonyesha asilimia za apdeti na namba inapanda hata kwa kujivuta, iache usiku kucha. Kuizima kwa nguvu wakati inaandika mafaili ya mfumo ndo njia ya haraka ya kuharibu Windows iliyokuwa inaenda kuwaka yenyewe.

Hapa kuna suala la umeme. Laptopu yenye betri iliyokufa ikikutana na umeme kukatika katikati ya apgredi ni tatizo kubwa, na naamini ni moja ya sababu kubwa za mashine kuganda huku kwetu. Umeme ukirudi, iwashe uiache tu. Windows inajua ilikatishwa na mara nyingi itajaribu kurudisha toleo la zamani yenyewe, utaona maandishi kwamba inarudisha mabadiliko, usiikatishe tena. Kama mtaani kwenu umeme ni wa kuja na kuondoka, peleka laptopu kwa ndugu au ofisi yenye UPS au jenereta kabla ya kuendelea na hatua zozote za chini.

Mda ukipita na hamna kitu, bonyeza Caps Lock. Kataa kake kakiwaka na kuzima, mashine iko hai ila kuna kitu kinasubiriwa hakijibu. Kasipobadilika kabisa, imeganda mpaka chini, na hapo nashuku draiva au kifaa chenyewe, kama RAM (kumbukumbu ya muda ya mashine) au diski.

Hatua ya 2: Imegandia wapi?

Watu wengi wanaruka hapa wakati hapa ndo unajua uelekee wapi. Kuganda kuko kwa aina nne.

Ikigandia kwenye nembo ya kampuni, HP au Dell au Lenovo, na hakuna vidoti chini yake, Windows yenyewe bado haijaanza. Tatizo liko kwenye vifaa au kwenye BIOS (programu ya msingi ya mashine inayoanza kabla ya Windows), na kupiga Windows upya kunaweza kusisaidie lolote.

Ikigandia wakati vidoti vinazunguka au vimesimama, Windows imeanza kupakia draiva na moja imekwama, au diski inasoma kwa shida. Hii ndo inayotokea sana baada ya apgredi.

Ikileta skrini nyeusi na mshale wa mausi unasogea, furahi, umefika mbali. Bonyeza kwa pamoja kitufe cha Windows, Ctrl, Shift na B, hiyo inaamsha upya draiva ya skrini, utasikia mlio mdogo au skrini itapepesa. Isipokubali bonyeza Ctrl, Shift na Esc, ukiona dirisha la Task Manager limefunguka nenda palipoandikwa Run new task, andika explorer.exe, bonyeza Enter. Wengi dawati lao linarudi hapohapo.

Na ikigandia baada ya kuingiza paswedi, hapo ni programu zinazojiwasha zenyewe, na antivairasi ya zamani ambayo haielewani na toleo jipya ndo mshukiwa wangu wa kwanza.

Hatua ya 3: Chomoa kila kitu

Kila kitu maana yake kila kitu. Flashi, modemu, waya wa printa, mausi, memori kadi iliyosahaulika pembeni, hadi diski ya nje, waya wa HDMI, na kile kikaseti cha mausi isiyo na waya. Dada mmoja mwenye steshenari karibu na stendi ya Moshi aliambiwa laptopu yake inabidi ibadilishwe diski, kumbe ilikuwa inagandia kwenye printa ya zamani ambayo draiva yake haikukubaliana na Windows 11, ulipochomolewa waya wa USB mashine ikawaka, na kazi za wateja zikatoka mchana uleule.

Ukishachomoa, toa na chaja. Kama betri inatoka kwa nje itoe. Alafu shikilia kitufe cha kuwashia sekunde 30, umeme uliobaki ndani uishe, rudisha betri na chaja, washa. Ni kazi ya dakika moja na inatibu hasa zile zinazogandia kwenye nembo ya kampuni.

Bado imegoma kwenye nembo? Ingia BIOS uangalie kama diski yako inaonekana. Kwenye HP ni F10, Dell ni F2, Lenovo ni F1 au F2, unabonyezabonyeza mara tu baada ya kuwasha. Diski isipoonekana humo, achana na habari za Windows, ni diski au muunganiko wake. Kama inaonekana, toka bila kubadilisha chochote. Nasisitiza hapa kwa sababu kuna video nyingi zinafundisha watu kubadilisha mtindo wa kuwaka kutoka Legacy (wa zamani) kuwa UEFI (mpya) ili Windows 11 ikubali, na diski iliyoandaliwa kwa mtindo wa zamani ukiibadilishia hivyo haiwaki. Kama wewe au mtu alibadilisha hapo kabla ya tatizo kuanza, rudisha ilivyokuwa.

Hatua ya 4: Tafuta funguo ya BitLocker mapema

Laptopu nyingi za Windows 11 zilizosajiliwa kwa akaunti ya Microsoft zinafunga diski kwa usimbaji unaoitwa BitLocker bila mwenyewe kujua. Ukianza kutengeneza inaweza kukudai funguo ya tarakimu 48, na bila hiyo mafaili hayafunguki kwako wala kwa fundi. Chukua simu, ingia kwenye akaunti yako ya Microsoft, sehemu ya vifaa vyako, utaona funguo za BitLocker, linganisha kitambulisho kilichoandikwa kwenye skrini ya laptopu na kilichopo pale, nakili namba kwenye karatasi. Kama laptopu ni ya ofisi, hii namba anayo mtu wa IT. Kama akaunti iliyosajiliwa ni ya aliyekuuzia, mtafute leo, usingoje.

Hatua ya 5: Kuingia kwenye menyu ya matengenezo

Kama unafika kwenye sehemu ya kuandika paswedi, shikilia Shift huku unabonyeza Restart kwenye kile kialama cha kuzima pale chini. Kama hufiki, washa, ukiona vidoti vinaanza shikilia kitufe cha kuwashia mpaka izime, rudia tena, ikizimwa hivyo mara mbili au tatu mfululizo Windows inaelewa haiwaki vizuri na itakuletea yenyewe ujumbe wa kuandaa matengenezo. Najua nimesema usizime kwa nguvu, ile ni wakati inaapdeti, hapa umeshasubiri na umeshajua imekwama.

Ikishafunguka nenda Troubleshoot, alafu Advanced options. Hapo ndo karakana yenyewe. Kama hata baada ya hapo menyu haiji, utahitaji flashi ya Windows ya kuanzia GB 8 iliyotengenezwa kwenye kompyuta nyingine kwa kutumia Media Creation Tool ya Microsoft, unaiwashia laptopu kupitia hiyo flashi na badala ya kubonyeza kusakinisha unachagua Repair. Ukifika pale usije ukabonyeza Install kwa pupa.

Hatua ya 6: Safe Mode kwanza

Watu wengi wanaanza na Startup Repair kwa sababu jina lake linavutia. Sio mbaya, ijaribu, inachukua mda mfupi. Ila mimi nakwenda Safe Mode kwanza kwa sababu inatibu na inatoa jibu pia. Kwenye Advanced options chagua Startup Settings, bonyeza Restart, itakuja orodha yenye namba, bonyeza 4, au 5 kama unahitaji na intaneti. Kumbuka paswedi yako yenyewe, maana PIN humo wakati mwingine inakataa.

Ikiwaka humo, Windows yako haijafa. Safe Mode inawasha draiva za msingi tu, kwa hiyo kama humo inawaka na kawaida inaganda, mkosaji ni draiva ya ziada au programu inayojiwasha.

Kitu cha kwanza kabla hata hujatafuta mkosaji: nakili mafaili. Chomeka hadi diski ya nje au flashi kubwa, fungua folda ya Users iliyoko kwenye diski C, ingia kwenye jina lako, beba Desktop, Documents, Pictures na Downloads. Wengi mnaweka kazi kwenye Desktop na mnasahau Downloads, ambako ndo kuna risiti na barua na PDF za vyuo. Kama unatumia programu ya hesabu ya duka ulizia inahifadhi wapi data zake, nyingine haziweki kwenye Documents.

Ukishamaliza, bonyeza mausi upande wa kulia juu ya alama ya Start, chagua Device Manager, fungua Display adapters. Draiva ya skrini ndo inaongoza kwa kugandisha laptopu baada ya apgredi, hasa zile zenye kadi mbili, Intel na NVIDIA au Intel na AMD. Fungua sifa zake, nenda kwenye Driver, kama Roll Back Driver inabonyezeka ibonyeze. Kama imefifia, chagua Uninstall device na uweke tiki kwenye kufuta draiva yake pia, usiogope, Windows itatumia ya kawaida skrini ikionekana kubwakubwa kidogo, na baadae utaweka draiva sahihi kutoka tovuti ya HP au Dell au Lenovo wenyewe kwa kuandika modeli ya laptopu. Tovuti zile zinazokuambia zitatafuta draiva zote kwa mpigo, achana nazo kabisa, zinaleta uchafu.

Baada ya hapo toa antivairasi isiyo ya Windows. Baadhi hazikubali kutolewa ukiwa Safe Mode, kwa hizo kuna programu ya kuzing'oa kwenye tovuti ya mtengenezaji. Alafu fungua msconfig, nenda Services, weka tiki ya kuficha huduma za Microsoft, hii tiki usiisahau, ndo ubonyeze kuzima zilizobaki zote. Washa kawaida. Ikiwaka, rudisha huduma nusu, washa tena, ikiganda mkosaji yuko kwenye hiyo nusu. Endelea kugawa hivyo mpaka abaki mmoja.

Na kuna Fast Startup. Hii Windows ikizima huwa inahifadhi hali ya mfumo kwenye diski ili kesho iwake haraka, na baada ya apgredi hali iliyohifadhiwa ikichanganyana na draiva mpya unapata mashine inayoganda ukiiwasha asubuhi lakini ukiirestati inakubali. Kama hiyo ndo tabia ya laptopu yako, fungua Command Prompt kwa ruhusa ya msimamizi uandike

powercfg /h off

bonyeza Enter, kwisha. Itachelewa kidogo kuwaka, lakini kila siku itaanza upya kwa usafi.

Hatua ya 7: Safe Mode nayo ikigoma, okoa mafaili kwa mlango wa nyuma

Hii njia ningependa kila mtu aijue. Rudi kwenye Advanced options, chagua Command Prompt, inaweza kukuuliza paswedi. Ikitokea skrini nyeusi andika notepad alafu Enter. Notepad ikifunguka nenda File, Open, na chini kabisa badilisha aina ya mafaili iwe All Files. Sasa bonyeza This PC na utaona diski zako zote. Hilo dirisha dogo linafanya kazi ya kubebea mafaili: unabonyeza upande wa kulia juu ya folda, Copy, unaenda kwenye flashi yako, Paste. Herufi za diski zinaweza kuwa zimebadilika humo, C yako inaweza kusomeka D, itambue kwa kuangalia ipi ina folda ya Users na Windows. Wakati inanakili haionyeshi mstari wa maendeleo, dirisha linaonekana limeganda, liache. Beba folda kidogokidogo, usibebe Users nzima kwa mara moja.

Njia nyingine ni flashi ya Ubuntu (mfumo wa bure wa Linux unaotumika badala ya Windows), unaiwasha kwa kuchagua kujaribu bila kusakinisha, diski ya Windows inafunguka kama folda unanakili unachotaka. Kama diski imefungwa na BitLocker itadai ile funguo ya tarakimu 48.

Kama wakati wa kunakili diski inatoa mlio wa kugongagonga, au faili la picha moja linachukua dakika kadhaa, diski inakufa. Chukua vya mhimu zaidi kwanza na usiendelee kuihangaisha, kila dakika inayozunguka inajimaliza.

Hatua ya 8: Rudisha nyuma

Mafaili yako yako salama kwenye diski nyingine, sasa gusa Windows kwa amani. Kwenye Advanced options kuna Uninstall Updates, humo kuna vipengele viwili, kuondoa apdeti ndogo ya mwisho na kuondoa apdeti kubwa ya mwisho. Kama tatizo lilianza baada ya apdeti za kawaida za mwezi anza na ndogo. Kama ulihama kutoka Windows 10 au kutoka toleo moja la 11 kwenda lingine, kubwa. Windows inatunza mfumo wa zamani kwenye folda ya Windows.old kwa siku 10 kwa kawaida, zikipita inafuta yenyewe, kwa hiyo laptopu iliyogoma usiiweke kabatini ukasema utaishughulikia mwisho wa mwezi. Kuna na System Restore kama iliwahi kuwashwa.

Apdeti zikikataa kutoka, tunakagua mafaili. Kwenye Command Prompt ya matengenezo, baada ya kuhakikisha herufi ya diski, andika

chkdsk C: /f

ikimaliza andika

sfc /scannow /offbootdir=C:\ /offwindir=C:\Windows

Kama diski yako inasomeka D humo, badilisha kila palipo C. Kuna chkdsk yenye /r inayopekua diski nzima kutafuta sehemu mbovu, inaweza kula saa nyingi na kwa diski inayokufa ni mzigo mzito, ndo maana nimeiweka baada ya kunakili mafaili na sio kabla.

RAM nayo ina lake. Laptopu used ikisafirishwa RAM inaweza kulegea, na vumbi letu la miezi ya kiangazi linaingia kila mahali. Kama umezoea kufungua mashine, toa chaja na betri, gusa chuma kwanza utoe umeme wa mwilini, toa RAM, futa zile meno za dhahabu taratibu kwa ufutio safi, pangusa, rudisha mpaka ilie. Zikiwa mbili jaribu kuwasha na moja moja. Kama hujazoea hiyo mpe fundi, ni kazi ndogo.

Je mashine yako inaiweza Windows 11?

Microsoft wanataka TPM 2.0 (chipu ya usalama), RAM ya GB 4, nafasi ya GB 64, na kwa Intel prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu kwa sehemu kubwa. Kizazi unakisoma kwenye jina: i5-6300U ni cha sita, i5-8250U ni cha nane. Kwa hiyo EliteBook 840 G3 haimo kwenye orodha yao, ila mafundi wengi wanaiwekea kwa kuruka ukaguzi. Inaweza kufanya kazi, lakini kila apdeti kubwa inakuwa bahati nasibu na Microsoft hawakuahidi kitu kwa mashine hizo. Na kwa zile za zamani zaidi za Core 2 Duo, toleo la 24H2 la Windows 11 linahitaji amri za prosesa ambazo hazina kabisa, SSE4.2 na POPCNT, kwa hiyo haliwaki hata ufanyeje, usipoteze pesa kwa fundi wa tatu.

Kwa mashine za namna hii ushauri wangu ni kurudi Windows 10, ukajiandikisha kwenye mpango wa nyongeza wa usalama unaoenda mpaka 13 Oktoba 2026, huku unajipanga. Au uhamie Linux Mint au Ubuntu, kwa kazi za kuandika, intaneti na barua pepe vinatosha. Na kabla ya yote badilisha ile diski ya kuzunguka uweke SSD. Hamna kitu kingine kitakachobadilisha laptopu ya zamani kiasi hicho, nusu ya kuganda ninakoletewa ni diski tu inashindwa kuhudumia Windows.

Kwa wanaotumia Ubuntu

Kwenu ni rahisi zaidi. Ikiganda baada ya kuapgredi, washa huku unagusagusa Esc, au ushikilie Shift kwa mashine za BIOS ya zamani, mpaka menyu ya GRUB, ile ya kuchagua cha kuwasha, ije. Chagua Advanced options, alafu kerneli (kiini cha mfumo) ya zamani iliyo chini ya ile mpya. Ikiwaka, kerneli mpya ndo ina shida na unaweza kuendelea kufanya kazi na ya zamani. Isipowaka, rudi GRUB, bonyeza e, kwenye mstari unaoanza na linux nenda mwishoni uandike nomodeset, bonyeza F10, hiyo inaruka draiva ya skrini na inasaidia sana wenye NVIDIA. Ukiingia, malizia apgredi iliyokatika:

sudo dpkg --configure -a
sudo apt -f install

na uangalie kwa df -h kama /boot haijajaa.

Ikibidi kupiga upya

Yote yamegoma, mafaili umeshayaokoa, sasa sawa. Bado anza na Reset this PC kwenye Troubleshoot na uchague Keep my files, programu zitaondoka ila mafaili yako yatabaki. Itakuuliza ipakue Windows kutoka intaneti au itumie iliyopo ndani. Kupakua kunaweza kula zaidi ya GB 4 za bando, ila kama mafaili ya ndani yameharibika ndo njia ya uhakika, tafuta sehemu yenye waifai nzuri.

Ukimpelekea fundi, mwambie kabisa mbele yake: fundi, nakuomba usiformati, kama kuna kitu kinahitaji kufutwa nipigie kwanza. Iandike na kwenye karatasi uibandike kwenye laptopu, maana unayemkabidhi asubuhi siye atakayeifungua jioni. Mafundi wazuri tunao kuanzia Kaloleni mpaka Mbuyuni, na fundi mzuri hatakasirika kuambiwa hivyo, atakuuliza mwenyewe una nini humo ndani. Akikuambia diski imekufa mwombe akuonyeshe hali yake kwenye CrystalDiskInfo, ni programu ya bure na inaandika wazi kama diski ni nzima, ni ya tahadhari au ni mbovu.

Na usilipie funguo mpya ya Windows bila sababu. Kama iliyokuwepo ilikuwa halali, leseni yake imeandikwa kwa mashine yenyewe, wakati wa kusakinisha unachagua kwamba huna funguo ya bidhaa, unaweka aina ileile ya Windows, Home au Pro kama ilivyokuwa, na ikishika intaneti inajithibitisha.